Nyuma ya Kadi za Pole

Jumapili, tarehe 3 Februari

Shikamoo Bibi,

Nimepata kazi! Ni katika duka la steshenari, mtaa wa pili kutoka chumba nilichopanga. Mwenye duka tunamwita Bi Kufuli, kwa sababu kila droo mle ndani ina kufuli, hata ya vifutio. Mbele yake simwiti hivyo. Amenikabidhi rafu ya kadi iwe yangu peke yangu: kadi za siku ya kuzaliwa, za harusi, za mtoto mchanga, za mitihani, za hongera, na chini kabisa, karibu na sakafu, kadi za pole za msiba.

Bibi, ungeona watu wanavyonunua kadi ungecheka mpaka ushike ukuta. Kuna mama mmoja, miwani yake imefungwa kamba, hachukui kadi ya mbele hata umbembeleze. Lazima achomoe ya tatu kutoka nyuma, ingawa zote zimetoka kwenye mashine moja. Karani wa mahakama anasoma kila kadi kwa kunong'ona, kisha anatikisa kichwa kama anayekataa rufaa. Kuna mwalimu anayenusa. Ananusa kweli! Anaifungua kadi, anaingiza pua, anaifunga. Nilimwuliza inanukaje, akasema, "Mpya." Zile kadi zinazoimba, kila mtu anazifungua kidogo tu; zikianza kulia anazifunga haraka na kuangalia dirishani, kana kwamba ni mwingine. Na yupo fundi wa gereji ya jirani, mikono imejaa grisi, anashika kadi kwa kucha mbili kama anayetoa mwiba.

Tatizo lao hawana mpangilio. Kila jioni nakuta kadi za siku ya kuzaliwa zimesukumwa nyuma ya kadi za pole, za harusi ziko nyuma ya za mitihani, na moja niliikuta chini ya karatasi za kufungia zawadi. Mimi siondoki mpaka kila kadi irudi nyumbani kwake. Bi Kufuli alipita akasema, "Hii sasa ni rafu." Kwa mdomo wake, hiyo ni sherehe.

Wewe Bibi, ukinunua kadi una mazoea gani?

Mjukuu wako,
Chiriku


Jumanne, tarehe 12 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti yananung'unika, lakini hayana pa kuhamia, kwa hiyo tunavumiliana.

Kazi nimeifurahia. Sasa nikuseme. Una wiki moja dukani na tayari unacheka wateja? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Anayenusa ananusa kwa pua yake, yako inawasha nini? Wewe ulipokuwa mdogo hukuvaa kiatu mpaka ukitikise mara tatu, ukidai kuna mjusi. Mjusi mwenyewe hakuonekana hata siku moja. Nilikusema, ndiyo, tena sana, lakini sikuandika barua kuwaambia watu.

Mimi kwenye kadi sina mazoea yoyote. Nikitaka kitu naingia, nachukua, natoka. Wanaozungukazunguka dukani hawajui wanachokitaka. Wifi yangu, ambaye amekuja hapa tangu asubuhi na hana dalili ya kuondoka, amenisikia nikisoma mstari huo kwa sauti, akakohoa. Nimemwambia kama ana kikohozi akanywe maji kwake.

Huyo Bi Kufuli namkubali. Mwanamke mwenye funguo anajua vitu vyake viko wapi. Mheshimu. Na barua zako usizibanebane, herufi kama chungu wanaohama. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na watoto wanne, darasa la watu wazima, daftari moja, na herufi zangu zinaonekana kutoka barabarani.

Bibi yako


Jumapili, tarehe 24 Februari

Shikamoo Bibi,

Hapa salama. Kazi nzuri. Rafu ni safi, sasa naipanga mara mbili, mchana na jioni. Hali ya hewa nayo si mbaya. Bi Kufuli hajambo.

Kile chumba cha uani nilimokuwa nikilala, bado kina kitanda? Nauliza tu.

Msalimie Bibi Wifi.

Chiriku


Jumatatu, tarehe 4 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ina mistari saba. Nimehesabu mimi, kisha akahesabu wifi yangu. Wewe uliyekuwa ukitumwa chumvi unarudi na habari za kututosha siku mbili, na chumvi umeisahau, leo unaniandikia hali ya hewa? Ndege wa kelele akinyamaza, ujue kuna paka.

Kitanda kipo. Juu yake kuna magunia matupu, redio mbovu na kuku anayeatamia, na kuku huyo ana haki zaidi ya kulala pale kuliko mtu anayenificha mambo. Mficha uchi hazai. Je, umefukuzwa? Umeiba? Una mimba? Umegombana na Bi Kufuli? Jibu kwa mpangilio huo.

Bibi yako, ambaye amekosa usingizi wake wa mchana kwa ajili yako


Jumapili, tarehe 10 Machi

Shikamoo Bibi,

Bado, hapana, hapana kabisa, na si sana.

Rafu haiuzi. Wiki ya kwanza iliuza, na tangu hapo inashuka tu. Bi Kufuli ameniambia kwa upole, na upole wake unatisha kuliko kelele zake: mwisho wa Aprili rafu inaondolewa, na ukutani pale zitaning'inizwa kava za simu. Kava za simu hazihitaji mtu wa kuziangalia. Maana yake hazinihitaji mimi. Sikutaka ujue, kwa sababu najua umeshawatangazia mtaa mzima kwamba mjukuu wako yuko steshenari.

Kinachoniuma, Bibi, ni kwamba watu wanakuja. Wanaingia na kwenda moja kwa moja kwenye rafu, kama mtu aliyefuata mwavuli aliousahau. Wanainama, wanachungulia, wanapekua, kisha sura inawashuka. Nikiuliza, "Nikusaidie?" wanasema, "Naangalia tu," halafu haooo. Juzi yule fundi wa gereji alipiga magoti kwenye kadi za pole akazipekua zote. Nikamwambia, "Pole sana, kaka. Ni nani amefariki?" Akasema, "Hakuna." Nikamwambia, "Usijikaze, kaka. Kulia si aibu." Nikamletea na kiti. Alinitazama, akakirudisha kiti mahali pake, akaondoka. Na mwalimu anayenusa alizunguka mara tatu, mwisho akaniuliza kama kuna mtu anayehamisha vitu humu ndani. Nikajibu kwa majivuno, "Ndiyo, mimi."

Sijui nakosea wapi. Naipanga rafu mpaka vidole vinauma. Kazi hii naipenda, Bibi. Sitaki kuiacha.

Chiriku


Jumapili, tarehe 17 Machi

Chiriku, mjukuu wangu, damu yangu, mpumbavu wangu,

Marahaba. Kaa chini.

Wanaficha! Hakuna aliyefiwa! Huyo fundi aliiona kadi yake siku ambayo hakuweza kuichukua. Labda mikono ilikuwa michafu, labda alitaka kwanza aifikirie, labda alikuwepo mtu hakutaka amwone. Akaisukuma nyuma ya kadi za pole ili asije mwingine akaichukua, maana hakuna anayepekua pole kwa kujifurahisha. Halafu jioni unakuja wewe na kitambaa chako.

Utaniuliza nimejuaje. Kuna mwanamke mmoja ninayemfahamu. Alikuwa hasemezani na wifi yake, mwezi wa nane huo, kwa sababu ya sufuria. Sufuria ilikuwa ya nani haikuhusu, ilikuwa yangu. Basi wifi akajifungua mtoto. Huyo mwanamke si mtu wa kuomba radhi kwa mdomo. Mdomo wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Akaingia dukani akaona kadi ya ndege wawili na kikapu. Akaisoma herufi moja moja, kwa sababu kusoma kulikuwa bado kugeni. Akaipenda. Mara akaingia jirani, yule ambaye ukipiga chafya kwako, yeye ndiye anayeipeleka sokoni. Huyo mwanamke akaona heri ardhi ipasuke kuliko kuonekana ameshika kadi ya ndege wawili. Akaisukuma nyuma ya kadi za pole, akanunua wembe asiouhitaji, akatoka kichwa juu.

Kesho yake nikarudi. Haipo! Msichana wa duka, msafi kama wewe, amesafisha. Inawezekana ilikuwa imesimama palepale mbele pamoja na wenzake, lakini mimi sikuangalia mbele. Aliyeficha kitu anakitafuta alipokificha, hakitafuti mahali pake. Na kuuliza je? Niulize nini? "Samahani binti, kuna kadi nimeificha dukani kwenu"? Ikabidi niende kwa wifi yangu mikono mitupu. Nikakaa mlangoni nikizungumzia mvua, wala haikuwa ikinyesha, mpaka yeye mwenyewe akachoka akasema, "Hebu ingia, mtoto huyu hapa." Ndiye huyu anayeshinda hapa kwangu akikohoa. Yule msichana wa duka sijamsamehe hadi leo, na nisingependa awe mjukuu wangu.

Kwa hiyo usipange. Vumbi futa. Lakini ukikuta kadi mahali si pake, jua kwamba ipo mahali pake. Na habari za yule mwanamke usimwambie mtu.

Bibi yako


Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nimeisoma barua yako nikacheka, halafu nikamkumbuka fundi na kile kiti, nikajifunika uso kwa khanga.

Jioni ya kwanza nilifunga mikono nyuma. Kadi ya mtoto mchanga ilikuwa imelala nyuma ya bahasha za kahawia, inanisumbua kama jino bovu. Sikuigusa. Siku ya tatu akaja dada mmoja na mkoba wa kazi, akaenda kwenye bahasha moja kwa moja, akaichomoa, akalipa. Zingine hakuziangalia hata kwa jicho la pembeni. Alitoka anatembea kama aliyeshinda kesi. Kesho yake karani. Keshokutwa yake yule mama wa miwani, na hata pale mafichoni alikuwa ameficha mbili ili achukue ya nyuma.

Kadi ya fundi nikaikumbuka. Mara mbili niliitoa nyuma ya kadi za pole, ya siku ya kuzaliwa, ina tembo aliyevaa kofia, na ina doa dogo la grisi pembeni. Nikairudisha kwenye pole kwa mkono wangu. Ijumaa akaja, akapiga magoti, akapekua, akaganda. Akaileta kaunta ameigeuza chini.

"Ni ya mama mkwe," akasema, kana kwamba nimemwuliza.

"Anapenda tembo?"

"Sijui anapenda nini. Ndiyo maana nilitaka muda wa kufikiri."

Sasa sikia balaa. Bi Kufuli ameiona rafu. Akasema, "Binti, hapa wamepita mbuzi?" Ningemwelezaje bila kumtaja yule mwanamke wako? Nikasema tu nawaachia wateja nafasi. "Nafasi ya nini, ya kuharibu?" Nikamwonyesha kwamba wiki hii tumeuza. Akasema wiki moja ni bahati, si biashara. Rafu isiporudi ilivyokuwa kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na mbili, nisingoje mwisho wa mwezi.

Nikipanga, rafu inakufa na mimi naondoka. Nisipopanga, naondoka mapema zaidi. Nimeamua sipangi. Angalau niondoke watu wakiwa wamepata kadi zao.

Chiriku


Ijumaa, tarehe 5 Aprili

Kwa mwenye duka la steshenari,

Salamu. Hunijui. Mimi ni bibi wa yule binti wa kadi. Hajui kama naandika, na ukimwambia nitajua.

Nasikia una funguo nyingi. Vizuri. Mimi pia nina kabati lenye kufuli, mna sukari na vyeti. Kwa hiyo tunaongea watu wawili wenye funguo.

Binti hajavuruga rafu yako. Aliyemkataza kuipanga ni mimi. Kama unataka kugomba, gomba na mimi, muda ninao. Wateja wako wanaficha kadi, mama. Wanazisukuma nyuma ya pole na chini ya karatasi, na huyu mtoto kwa usafi wake alikuwa anazifukua kila jioni, wakirudi hawazikuti, wanaona aibu kuuliza. Ndiyo maana ulikuwa huuzi. Mtu aliyeficha kitu dukani kwako ameahidi kurudi, tena bila kuombwa. Ni kava gani ya simu itakayokupa ahadi hiyo?

Sina elimu ya kukufundisha biashara. Nimeuza nyanya sokoni miaka kumi na tisa, na kila mteja alikuwa na lake. Huyu abonyeze, huyu anuse kikonyo, huyu achague tenga zima kisha arudi kwenye ile ya kwanza aliyoishika. Ningewakataza, ningezila mwenyewe.

Mwache mpaka mwisho wa mwezi kama ulivyosema mwanzo. Neno la mtu mzima halikatwi katikati kama kitambaa. Ukiona nimekosea, mwondoe, na mimi nitakuja mwenyewe kumchukua na kukuomba radhi kwa mdomo. Jambo hilo sijawahi kumfanyia mtu. Waulize wanaonijua.

Bibi wa binti wa kadi


Jumatano, tarehe 10 Aprili

Shikamoo Mama,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba duka ni langu na rafu ni yangu. Nikaenda kwenye rafu hiyo binti alipotoka kwenda kula, ili nipate cha kukuonyesha. Nikainama nyuma ya kadi za pole. Nikakuta kadi sita. Tano sizijui. Ya sita nimeificha mimi.

Nimeificha tangu Januari. Ni ya dada yangu, na zaidi ya hapo usiniulize. Binti wako aliirudisha mbele mara nne, nami nikaificha mara tano, nikinung'unika kimoyomoyo kwamba msichana huyu ana kasoro fulani ila siijui. Mimi ndiye mwenye funguo zote za duka. Ningeweza kuitia kwenye droo yoyote nikaifunga. Wazo hilo limenijia leo, baada ya kukusoma.

Rafu inabaki. Binti anabaki. Kava nitazitafutia ukuta mwingine. Nami nakuomba asijue kwamba tumeandikiana, maana atanizoea.

Wako kwa heshima,
Mwenye duka


Jumapili, tarehe 14 Aprili

Shikamoo Bibi,

Sasa kaa chini wewe!

Ijumaa nilivaa nguo yangu nzuri ili nifukuzwe nikiwa nadhifu. Bi Kufuli akaniita kaunta. Akasema, "Rafu hii..." Nikaanza kulia mapema ili nimalize mapema. Akasema, "Acha kulowesha risiti. Rafu inabaki. Wewe unabaki, na kuanzia mwezi ujao si wa majaribio tena."

Nikauliza kwa nini. Akasema amekaa akafikiri mwenyewe. Halafu akatazama rafu, akasema, "Mtu aliyeficha kitu dukani kwangu ameahidi kurudi, tena bila kuombwa." Bibi! Maneno mazito hayo! Sikujua kama ana kichwa cha namna hiyo. Nimeyaandika na kuyabandika ukutani juu ya kitanda changu. Nyinyi wawili mngekutana, mngegombana siku nzima mkaachana mmefurahi.

Sijamaliza. Jana mchana duka lilikuwa limejaa. Nikamwona anainama kwenye kadi za pole. Nikadhani amegeuza mawazo, ameanza kupanga. Kumbe alichomoa kadi moja, akaishika kifuani upande wa picha, akaenda kusimama kwenye foleni nyuma ya wanafunzi wawili. Kwenye foleni, Bibi, dukani kwake! Mwanafunzi mmoja akataka kumpisha, akakataa kwa kichwa. Alipofika kwangu nikamwuliza, "Nikufungie?"

"Funga," akasema. "Na usiniangalie."

Nikaifunga huku naangalia dari. Karatasi imekwenda upande, naye akaichukua hivyo hivyo. Nikasikia mlango unafunguka, na niliposhusha macho alikuwa tayari ng'ambo ya barabara, anatembea haraka, na droo zote za duka ziko wazi.

Mjukuu wako wa kudumu,
Chiriku


Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Hongera. Nimeshangaa sana, kwa kuwa mimi huku sikuwa na habari ya jambo lolote.

Umesema kweli, maneno ya mwenye duka wako ni mazito. Nimeyasoma mara tatu. Maneno kama hayo hayafundishwi shuleni. Anayeyasema ni mtu mwenye akili zake, tena amepitia mengi na kuona mengi. Usiyabandue hapo ukutani. Akija mgeni msomee.

Ila usimsifu sana mbele ya watu. Mtu wa aina hiyo ukimsifu anavimba kichwa. Namfahamu.

Bibi yako